Moteri Nyekundu za Magloire

Siku Papa Kanyamibwa aliposimama mbele ya kanisa, tumbo mbele na kofia mkononi, akatangaza kwamba mshindi wa mbio za magari ya rimoti atapewa mtamba, Kitshanga nzima ilipiga makofi. Magloire peke yake hakupiga. Mikono yake ilikuwa mifukoni, na akili yake ilikuwa imeshafika mbali kuliko mikono.

Magari yenyewe yalikuwa na historia ndefu kuliko ukubwa wao. Shirika moja la kuchezesha watoto lilifunga ofisi yake, likapakia viti na makabati, likasahau magari madogo ya rimoti pamoja na katoni ya moteri za akiba. Yaliletwa kwa ajili ya watoto. Watoto walipata masanduku. Watu wazima, kwa huruma yao, waliyachukua magari ili wayatunze, na tangu hapo kila Jumapili baada ya misa wanayatunza kwa kuyakimbiza kwenye uwanja wa soko la ng'ombe mpaka betri zikate.

Mwamuzi alikuwa katekista Esdras, naye aliweka sheria moja tu: seri. Yaani kila gari liendeshwe na moteri ya katoni ile ile, kama ilivyotoka kiwandani, isiyofunguliwa wala kuguswa ndani. Tajiri asimshinde maskini kwa mfuko. Ashinde mwenye mkono stadi. Ilikuwa sheria nzuri. Ubaya wa sheria nzuri ni kwamba anayeshindwa hana wa kumlaumu, na mtu wa vilima hivi vya Masisi aliyeshindwa bila wa kumlaumu halali usingizi. Basi wakaanza kuilaumu moteri. Moteri zinafanana, walisema, sawa, lakini hata ndama wa ng'ombe mmoja wanafanana na bado mmoja huwa mvivu. Siri ya ushindi ni kuchagua.

Na katoni ya moteri ilikuwa wapi? Ilikuwa kwa Magloire, mwenye kibanda cha kuchajisha simu kwa mwanga wa jua.

Nisiwafiche: kijana huyu hakutaka mtamba kwa tamaa tu. Alimpenda Aurélie, binti wa Mama Adelaïde, na Aurélie naye alimpenda, ingawa alikuwa na macho. Tatizo lilikuwa Mama. Siku Magloire alipojipeleka kwao na suti ya kuazima, alizungumza vizuri mpaka chai ikapoa. Mama Adelaïde alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Kijana, maneno yako iko tamu. Lakini maneno haikamuliwake maziwa. Leta ngombe."

Basi ng'ombe ndiye huyo, amefungwa kwa Kanyamibwa, anatafuna majani, na kati yake na harusi kuna mbio za Jumapili moja.

Wa kwanza kufika kibandani alikuwa Papa Kanyamibwa mwenyewe. Mzee huyu alikuwa ametoa mtamba kwa nia njema kabisa ya kujishindia mwenyewe, amrudishe nyumbani, abaki na sifa na ng'ombe pamoja.

"Magloire," alinong'ona, "nichagulie moteri."

"Papa, sheria inakataza niuzishe moteri."

"Nani alisema kuuzisha?"

"Sawa. Moteri ni ya bure. Kuku njo malipo ya kuchagua."

"Kuku gani?"

"Kuku yenye utaleta, Papa."

Kuku akaletwa. Magloire akatandika kitambaa, akapanga moteri juu yake, akazishika moja moja, akazipima kiganjani, akafumba macho. Kisha akaiwekea moja nyaya mbili za betri na kuisogeza kwenye sikio la mzee.

"Sikia hii. Inalia. Sasa sikia hii ingine."

"Iko sawasawa tu."

"Papa! Hii inaimba."

Kanyamibwa alisikiliza tena, kwa sikio lile lile linalojua ng'ombe mgonjwa kwa kikohozi chake, na kweli, kwa kuwa alikuwa ameshalipa, akasikia wimbo. Magloire akaipaka moteri ile tone la rangi nyekundu ya kucha.

"Nyekundu iko moja tu mu katoni yote. Usionyeshe muntu. Wataona wivu."

Jioni ile chupa ya rangi ilifanya kazi kubwa. Séraphin wa pikipiki alikuja na jogoo, akaondoka na nyekundu iliyo moja tu. Mama Thacienne, muuza jibini, akaja na kuku wa madoadoa, akaondoka na nyekundu iliyo moja tu. Kila aliyekuwa na gari alipita kwa mlango wa nyuma, akaangalia kushoto na kulia, akaapa kunyamaza. Hakuna mtu anayetunza siri vizuri kama yule anayedhani amempunja jirani yake.

Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Adelaïde.

Magloire alisimama. Mama alikuwa na gari. Alilipata siku za kugawana, na alikuwa akiliendesha kama mtu anayesukuma mbuzi kwenda sokoni. Chini ya kwapa alibeba kuku wake mwekundu anayetaga.

"Nichagulie kama vile ungemuchagulia mama yako," alisema.

Hapo, kwa heshima ya kijana, lazima niseme kwamba moyo ulimsuta. Wapo wanaume wanaomtapeli mama mkwe, lakini kwa desturi hungoja harusi ipite. Angefanya nini? Akimkataa, Mama atauliza kwa nini, na akiuliza yeye mtaa wote utauliza. Akamsikilizisha moteri inayoimba, akaipaka rangi, akampokea kuku kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kwa mkubwa.

Yeye mwenyewe hakutegemea wimbo wala rangi. Moteri yake aliifungua ganda, akaondoa waya ule mwembamba uliozungushwa mara nyingi, akazungusha waya mnene mara chache, akaifunga tena ikawa kama haikuguswa. Moteri ya namna hiyo inakula betri vibaya na inapata moto haraka, lakini inakimbia kama ng'ombe aliyeona mlango wa zizi wazi. Juu yake akaweka tone jekundu, kwa usawa.

Kesho yake Aurélie alikuja kuchajisha simu. Nyuma ya kibanda, chini ya kikapu kikubwa kilichopinduliwa, kuku walikuwa wanagombana. Sasa, katika vilima vile kila nyumba humfunga kuku wake kipande cha kitambaa mguuni, asije akapotelea kwa jirani. Aurélie alichungulia matundu ya kikapu. Kitambaa cha bluu: Kanyamibwa. Cheupe: Mama Thacienne. Cha kaki: Séraphin. Na cha kitenge cha njano, kilichokatwa kwenye kitenge chake mwenyewe cha zamani.

"Magloire, kuku ya kwetu inafanya nini hapa?"

"Mama alinipatia zawadi."

"Mama yangu? Hajatoaka zawadi tangu ubatizo wangu."

Tapeli mwenye busara angenyamaza. Lakini Magloire alikuwa tapeli mwenye mapenzi, na mapenzi hayana breki. Akamweleza yote: kuku ni mchezo, mtamba ndiye kazi. Akamwonyesha moteri.

"Waya yake nimeisha kubadirisha. Hakuna muntu atanifikia. Jumapili ngombe, kiisha harusi!"

"Na kama zinachanganyika? Zote iko nyekundu."

"Nimetia alama. Gusa hapa nyuma. Unaisikia kakovu?"

Aurélie aligusa. Alisifu. Akauliza maswali mengine mawili matatu, na Magloire akayajibu yote kwa furaha, kwa sababu mwanaume anayesifiwa hashangai kwamba anahojiwa. Binti akachukua simu yake na kurudi nyumbani taratibu. Aliudhika, tena sana. Hakutaka kuolewa kwa ng'ombe wa waya.

Jumapili ukungu uliondoka mapema juu ya vilima. Uwanja ulijaa, pikipiki zikasimama pembeni, na mtamba akaletwa amepambwa shingoni kwa maua. Kila mwenye gari alilibeba kifuani kama mtoto mchanga, kiganja kimefunika moteri. Esdras aliinua filimbi.

"Ngoja, katekista," alisema Mama Adelaïde. Alikuwa na kikapu cha maharagwe mkononi, kitupu, kimefunikwa kitambaa. "Watu wanasema moteri inachaguliwaka kwa siri."

"Nani anasema?" waliuliza wote kwa pamoja, haraka mno.

"Sijuwe. Lakini wakati ya kupanda tunafanyaka namna gani? Kila muntu analeta mbegu yake ya muzuri, tunachanganya mu kikapu moja, kiisha kila moja anakamata bila kuangalia. Shamba inakuwa ya wote, na hakuna mwenye kulalamika. Tufanye vile na moteri."

Esdras alifurahi mpaka akataka kuimba. Hakuna mkulima aliyekulia Masisi, akala maharagwe ya mchanganyiko maisha yake yote, anayeweza kusimama hadharani akaukataa mchanganyiko. Lakini Kanyamibwa alijaribu.

"Ya kwangu ibakie fashi yake, mu gari yangu."

"Ya kwako iko na nini, Papa?" aliuliza Esdras.

"Haiko na kitu. Iko kama zingine."

"Basi haina shida."

Bisibisi zikatoka. Kanyamibwa akaitoa yake, nyekundu, akaificha nusu ndani ya ngumi. Séraphin akaitoa yake, nyekundu. Mama Thacienne, nyekundu. Zilipoendelea kutoka nyekundu tupu, vichwa vilianza kugeuka kimoja baada ya kingine kuelekea kwa mwenye kibanda.

"Moja tu mu katoni yote?" aliuliza Kanyamibwa polepole.

"Papa," alisema Magloire, "niliwachagulia wote ya kwanza, sababu nawapenda wote."

Wangemla mbichi, lakini Esdras alipiga filimbi. Kuku watarudishwa kwa vitambaa vyao, alihukumu. Sasa ni mbio. Na moteri ya Magloire pia iingie kikapuni.

"Ya kwangu imeisha kuzoea gari yangu," alilia Magloire.

"Na kuku yangu ilikuwa imezoea nyumba yangu!" alifoka Kanyamibwa. "Tia!"

Akatia.

Kwenye mbegu, mama mwenye umri mkubwa ndiye anayeanza kuchukua, na mwenye kuleta ugomvi ndiye anayemaliza. Mama Adelaïde akaingiza mkono chini ya kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vimechambua maharagwe gizani tangu utoto. Vikapita, vikageuza, vikarudi.

"Mama, mbona unakawia?" aliuliza Esdras.

"Mbegu nzuri haikamatwake mbio."

Magloire aliona kidole gumba kikisimama chini ya kitambaa. Akamtazama Aurélie. Aurélie alikuwa anautazama mlima kwa makini, kana kwamba umehamishwa jana.

Ilipofika zamu yake, kikapuni ilibaki moja. Aliipapasa mgongoni. Ilikuwa laini kama yai.

Mbio zenyewe hazina maelezo mengi. Mama Adelaïde alikosea kona zote. Aligonga jiwe, akaingia kwenye mavi ya ng'ombe, akatoka. Lakini kwenye sehemu iliyonyooka gari lake lilipita wengine kama limetumwa na mtu mkali, na watu wakaruka wakipiga vigelegele.

"Iyi moteri yake!" alisema Kanyamibwa. "Magloire, unasema nini?"

Magloire alikuwa amefungua mdomo. Kulikuwa na sentensi moja ya kumwokoa mtamba, nayo ilikuwa: moteri ile imebadilishwa waya. Na kulikuwa na swali moja baada yake, nalo lilikuwa: wewe umejuaje? Akaufunga mdomo.

"Ninasema ilichaguliwa muzuri, Papa."

Gari la Mama lilivuka mstari likitoa moshi, likafa papo hapo. Esdras aliigusa moteri ili aikague, ikamchoma kidole, akatangaza kwamba seri ni seri na mshindi ni mshindi. Kanyamibwa alimkabidhi mtamba huku akitabasamu kwa meno tu.

Alasiri, Magloire alifika kwa Mama Adelaïde bila suti. Mtamba alikuwa amefungwa karibu na migomba, ametulia kama mwenyeji. Kijana akakohoa.

"Mama, ulisema ngombe ifike. Imefika."

"Ninaiona."

"Kusema kweli, Mama, ilifika sababu ya moteri ya kwangu."

"Moteri gani?" Mama alimkazia macho. "Ya kwako si ilikuwa ya seri?"

Mtamba alitafuna. Aurélie, mlangoni, alitazama miguu yake.

"Ya seri, Mama," alisema Magloire.

"Nilijua. Basi ngombe ya mahari inatokaka kwa bwana-harusi, haitokake mu lupango ya nyumba yangu mimi." Akamwacha aungue kidogo, kisha sauti yake ikalegea. "Lakini hii ngombe inaitaji muntu wa kuikatia majani. Kwetu mwenye kuchunga ngombe ya muntu anapataka ndama."

Magloire aliinua kichwa. Uso wake ulirudi kuwa wa kijana.

"Ndama ya kwanza, Mama?"

"Ya kwanza ni ya mwenye ngombe. Ya pili njo yako."

Magloire alianza kuhesabu misimu ya mvua, akaacha katikati, maana hesabu ilikuwa inauma. Akaomba panga. Aurélie akaingia ndani, akakawia, akatoka na panga lililonolewa vizuri. Kwenye mpini kulikuwa na tone la rangi ya kucha, bado bichi.

"Panga iko mingi mu nyumba," alimwambia kwa sauti ya chini, "lakini hii njo nilikuchagulia. Nyekundu iko moja tu. Usionyeshe muntu."