Mstari wa Saba Uliandikiwa Wapi?

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, mwezi wa Julai, na ukungu ulikuwa umeufunika mji wa Nyeri hata bendera ya Mamlaka ya Kidijitali ya Mlimani ikawa haionekani kutoka chini ya mlingoti wake. Katika hali hiyo ya uwazi, Mkurugenzi Kingori alitangaza kuzaliwa kwa Idara ya Maridhiano ya Msimbo. Tangu siku hiyo, alisema, hakuna mtu ambaye angebishana kuhusu programu bila kupatanishwa rasmi. Watu walipiga makofi. Wengine walikuwa wakipasha mikono moto.

Idara haikuundwa bure. Mamlaka ilikuwa mlezi wa Zamu, programu inayowatumia wakulima wa mpunga wa Mwea ujumbe wa simu kuwajulisha siku yao ya kufunguliwa maji. Zamu ni programu ya chanzo huria: msimbo wake, yaani mistari ya maagizo inayoiendesha, uko wazi mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kupendekeza mabadiliko. Kingori aliunga mkono uwazi huo kwa moyo wote. Alichokuwa hajaambiwa ni kwamba watu wangeusoma.

Mashamba ya mwisho wa mfereji yalikuwa yakikauka, kwa kuwa Zamu ilianza kugawa kutoka juu na maji yaliisha njiani. Zuena, mwandishi wa programu anayeishi mtaa wa Majengo, Nyeri mjini, alipendekeza kila duru ianzie mwisho wa mfereji. Mutahi wa Naro Moru alipinga: mfereji mkavu hunywa maji kabla ya shamba, kwa hiyo dawa ni kuwaongezea saa watu wa mwisho. Walibishana kwenye ukurasa wa mradi, mbele ya dunia.

“Zuena, hii mabadiliko yako itanyweshea mchanga,” aliandika Mutahi.

“Na yako itapea watu saa mingi ya kuangalia mfereji mkavu. Leta vipimo, wacha mdomo.”

Kingori aliyachapisha maneno hayo kwenye karatasi, akayasoma akiwa amesimama. Aliona vita. Akawaita wote wawili ofisini, kila mmoja na barua ya chifu wa mahali alipoandikia msimbo wake. Mutahi alileta ya Naro Moru. Zuena alileta ya Nyeri mjini. Kingori alivaa miwani.

“Bi Zuena, mistari yote uliandikia Majengo?”

“Sita ya kwanza, mkubwa. Ya saba niliandika nikiwa kwa gari, nikienda Naro Moru.”

“Mlikuwa mmepita Kiganjo?”

“Sikuangalia nje. Nilikuwa naandika.”

“Ati hukuangalia!” Kingori alimgeukia Sophie, katibu wa Idara. “Andika: mstari wa saba hauna chifu. Shauri limesimamishwa.”

“Mkubwa, mpunga inakauka,” alisema Mutahi. “Wiki mbili hivi, hakutakuwa na kitu ya kuokoa.”

“Ndiyo maana hatutafanya haraka.”

Wawili hao walivuka barabara wakaingia kibanda cha chai. Kabla vikombe havijapoa walikuwa wamekubaliana: duru ianzie mwisho, na saa ziongezwe za kulowesha mfereji. Zuena alikiri kwamba Mutahi alisema kweli kuhusu mchanga. Mutahi alikiri kwamba ni yeye aliyemaliza mandazi. Walirudi ofisini kutoa habari njema.

Kingori hakufurahi. Maridhiano yaliyofanyika nje ya Idara yalikuwa ya magendo.

“Ili niwapatanishe,” alieleza kwa upole, “lazima muwe mmekosana. Rudieni.”

“Mutahi, wewe ni kichwa ngumu,” alijaribu Zuena.

“Asante, dada.”

Sophie aliinua kalamu. “Mheshimiwa, niandike huo ni ugomvi?”

“Hautoshi.”

“Basi si tuchukue nakala, tubadilishe wenyewe?” aliuliza Zuena. “Leseni inaruhusu.”

Kingori alicheka kicheko cha mtu mwenye muhuri. “Chukueni hata kumi. Zamu halisi ni hii yetu.”

Walichukua moja. Wiki haikuisha kabla wakulima hawajahamia kwenye nakala hiyo, na walinzi wa malango ya maji wakawafuata. Zamu halisi ikabaki na muhuri wake na mkulima mmoja: Kingori mwenyewe, mwenye ekari mbili za mpunga mwisho wa mfereji. Kila asubuhi ilimtumia ujumbe: “Zamu yako inasubiri maridhiano.” Alijivunia. Nidhamu lazima ianzie juu.

Kisha mkewe, Nduta, akapiga simu kutoka Mwea.

“Baba Moffat, mpunga yetu imekuwa rangi ya kikapu.”

“Vumilia, Mama Moffat. Jambo liko mbele ya Idara.”

“Idara ni nani?”

Kingori alifikiri. “Ni mimi.”

“Basi ujiambie majirani wako na maji mpaka magoti. Mimi ningehamia ile nakala ya kina Zuena leo, lakini shamba iko kwa jina yako. Lazima uombe wewe mwenyewe, kwa ile ukurasa yao, watu wote wakiona. Na duru inafungwa jioni.”

Kingori aliingia gari la ofisi kwenda kujionea. Njiani alitoa simu, akaandika: “Naomba kujiunga. Kingori.” Ukurasa ule haukuwa na nafasi ya cheo.

Zuena alijibu papo hapo, mbele ya dunia. “Karibu sana, Mkurugenzi. Umeandikia wapi?”

“Garini. Karibu na Sagana.”

“Mmevuka daraja ama bado?” aliandika Mutahi.

Kingori alichungulia dirishani. Kulikuwa na majani ya migomba tu.

“Sikuangalia,” aliandika.

Zuena alimsajili kabla gari halijafika Mwea. Mutahi alipinga saa alizopewa, akaleta vipimo, na zikapunguzwa. Nduta aliingiza maji shambani, akazima simu. Sophie aliandika kwenye faili kwamba ugomvi sasa umetosha, akaomba uhamisho. Kingori alirudi Nyeri, akaupigia muhuri mstari wa saba.