Kibandiko cha Mistari na Jicho la Mama Mkwe

Redio ya Birika, muuza kahawa wetu, ilikuwa haijamaliza sentensi, na kijiwe kizima kimeshageuza shingo. Mtangazaji alisema wagonjwa wa zahanati ya mtaa wanalalamika: mfumo mpya wa kupanga foleni kwa simu, mtu anabonyeza, anangoja, anangoja tena, mpaka maradhi yanachoka yenyewe.

Macho yote yakatua kwa Mistari. Mfumo ni wake, kauandika yeye, na jina kalipata kwa tabia ya kutuhesabia mistari ya programu kama watu wengine wanavyohesabu watoto.

"Si ulisema utaruka kama swala?" akaanza Wembe, kinyozi, ambaye wakati huo alikuwa kamwacha mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu.

"Unaruka."

"Umeruka ukanasa kwenye ua!"

"Cheka tu ndugu yangu," Mistari akasema, simu kaishika kama sufuria ya moto. "Mama mkwe yuko kule. Leo anaangaliwa jicho. Nilimwambia mbele ya ukoo mzima: mama, wewe bonyeza tu, utaambiwa daktari na chumba, upite kama malkia. Ana saa mbili kwenye benchi."

"Uuwi!" Birika akaacha kumimina kahawa. "Mke wako hatarudishwa kwao kweli?"

"Atarudishwa yeye," Wembe akadakia. "Mke abaki."

Mistari hakucheka. Akatueleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa mimi ambaye kompyuta naijua kwa kupita karibu nayo. Kila anayebonyeza, mfumo unakwenda kupekua orodha za zamu: daktari gani, chumba gani. Nusu dakika nzima. Wakibonyeza watu mia, shughuli inakuwa msiba.

"Sasa jana nikabandika anotesheni. Kineno kimoja tu, kina @ mbele, nakiweka juu ya ile kazi ya kupekua. Kinasema: ukishajibu mara moja, weka jibu. Akija mwingine mpe hilohilo, usipekue tena."

"Kama chupa yangu," Birika akasema. "Nachemsha mara moja, namimina asubuhi nzima."

"Hasa, dada!"

"Mbona haimiminiki?"

"Ndipo nilipofia. Kibandiko kipo, nimekikodolea macho tangu alfajiri. Na bado kila akibonyeza mtu, unapekua upya."

"Labda ulibandika kwa mate," Wembe akasema.

Hapo akakohoa Mzee Geti. Huyu alilinda geti la ofisi miaka thelathini, na akikohoa, tunanyamaza.

"Mwanangu, agizo halijitekelezi lenyewe. Anayelitii hilo la kibandiko anakaa wapi? Mlangoni au ndani?"

Mistari akakuna kichwa. "Mlangoni, tuseme. Kuna kama mlinzi anawekwa mbele. Anayetoka nje lazima apite kwake, naye ndiye anaangalia kama jibu lipo."

"Na wanaouliza madaktari wanatoka nje?"

"Wagonjwa ndiyo. Wanaingia kwa kazi ya kupanga foleni, halafu hiyo sasa ndiyo inamuuliza mwenzake, kazi ya kupekua."

"Hawa wawili wanakaa nyumba moja?"

"Moja, mzee. Nimewaweka pamoja."

Geti akaweka kikombe chini taratibu. "Mimi niliagizwa hivi: anayemuulizia meneja, mjibu hapohapo getini, asipande ngazi. Nikajibu watu mpaka koo likakauka. Jioni meneja ananifokea, eti kasumbuliwa siku nzima. Na nani? Na wa chumba cha pili! Wako ndani, getini kwangu wanapitia nini?"

 Mistari akaruka na kufungua kompyuta yake juu ya magoti.

"Namhamisha! Namjengea mpekuzi nyumba yake!"

"Na geti lake usisahau," Wembe akamwambia.

Dakika kumi. Akabonyeza kwa simu, na orodha ikadondoka kabla kidole hakijainuka. Kijiwe kikalipuka. Birika akazungusha kahawa ya pongezi, Wembe akacheza, mteja wake akaja kuchungulia na nusu yake ya nywele. Tulikuwa kikombe cha pili simu ya Mistari ilipolia. Kwa kujishaua akaiweka spika, tusikie sote.

"Mkwe wangu, hongera," sauti ya mama ikasema. "Kufumba na kufumbua nimejibiwa. Jicho, chumba namba nne."

"Asante, mama!"

"Ndimo nilimo. Mna mafagio sita, ndoo, na mlango umejifunga. Nasikia chumba kinavuja, daktari kahamia cha tisa robo saa iliyopita."

Simu ikakatika. Hata redio iliona haya.

"Hukumwambia mlinzi lini akaulize upya?" Geti akauliza kwa upole.

"Sikumwambia, mzee."

"Basi atajibu hivyohivyo mpaka astaafu. Mimi nilisema 'meneja yupo' wiki mbili baada ya mtu kuhamishwa kazi. Na nilisema kwa ukakamavu."

"Hata mimi chupa naisuuza," Birika akanong'ona.

Mistari hakusikia. Katoka mbio kwenda kumwokoa mama wa watu, simu na kompyuta kaziacha benchini.

Tukangoja. Nusu saa hivi, kwa njia ya nyuma, akatokea mama mkwe mwenyewe, pamba jichoni, mwendo wa mtu anayetafuta wa kumfokea. Kumbe mfagiaji alikuja kuchukua ndoo, akamfungulia, na daktari kule cha tisa hakuwa na foleni hata ya mtu mmoja.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Amekufuata namba nne, mama," akajibu Geti.

Mama akatutazama kwa lile jicho moja. "Ameingia? Ule mlango haufunguki kwa ndani."

Wembe akainuka. "Nikamtoe?"

"Kaa, mwanangu." Mama akavuta kiti, akampokea Birika kikombe. "Mgonjwa mwingine wa jicho akibonyeza ataelekezwa kulekule, amfungulie. Na nimeona mwenyewe, sasa hivi majibu hayachelewi."