Inzi Niliyemkata Kichwa

Jumatatu, 4 Machi
Msiba! Daktari, bosi wetu wa maabara ya wadudu, katangaza kwamba mkataba utakaoendelea ni mmoja tu. Wangu au wa Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Na mke wangu keshamwambia mama yake kwamba nimeajiriwa moja kwa moja! Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza. Nimekwisha.

Jumanne, 5 Machi
Miwani kampata inzi huntha kwenye mitego ya porini! Upande mmoja dume, upande wa pili jike, mwili ule ule. Daktari kawaita watu wote waje kuona, hata mlinzi. Akasema mtu anaweza kuchambua inzi maisha yake yote asimwone hata mmoja. Miwani anajifanya mnyenyekevu. Eti bahati tu! Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 6 Machi
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinamia hadubini mpaka shingo imekakamaa. Patupu! Basi, nitamtengeneza. Macho ya dume hugusana utosini, ya jike huachana. Kichwa cha dume, mwili wa jike, tone la gundi. Nani atajua?

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata mwili wa jike. Nimeutazama upande mmoja, ukanitosha. Kichwa ndicho kibovu: jicho moja kubwa, limefika utosini, jingine dogo. Kilema! Nimekikata, nikakipuliza dirishani. Nimebandika cha dume. Kazi safi!

Ijumaa, 8 Machi
Ee Mola wangu. Daktari kaiona gundi kabla sijaketi. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya. Kaugeuza mwili, kanionyesha upande nisioutazama: dume. Kisha akaniuliza kwa upole kichwa chake cha asili kiko wapi. Kumbe alikuwa huntha wa kweli, tena wa aina ya inzi ambayo maabara yetu haijawahi kuipata! Miwani alitoka kunisaidia kutafuta. Tumetambaa kwenye majani hadi jioni. Nililia, nikasingizia vumbi. Mkataba kapewa yeye.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kaniletea tai ya kuvalia kazini. Nimeivaa. Kila akinisifu, moyo unaniuma kweli. Mke wangu ananitazama tu. Nilikusudia kusema ukweli baada ya chai. Lakini jirani kasema kuna makumbusho yanatafuta vipepeo huntha, bawa la dume huku, la jike kule. Binti yangu ana rangi za maji. Amelia nilipozichukua. Nimemwambia anyamaze, baba yuko kazini.