Kunukuliwa Mara Mia Mbili Kumi na Nne kwa Kusahau

Kwako Ndugu Mhariri,
Jarida la Kujifunza na Kukumbuka.

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, nimeshaitikia marahaba.

Mimi ni Paskazia Chiwanga, mkulima wa alizeti na msuka vikapu, nje kidogo ya Kongwa. Naandika kuhusu makala ya Profesa Ambokile uliyoichapisha, inayoeleza jinsi watu wazima wa vijijini wanavyojifunza na kukumbuka maneno. Mshiriki wa kumi na nne, "mwanamke wa miaka 58, msuka vikapu, anayeishi nyuma ya kisima", ni mimi. Nyuma ya kisima hakuna msuka vikapu mwingine.

Habari hizi nilizipata Pasaka. Rodgers, mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi wizarani kule Mtumba, alifungua simu akasema, "Shangazi, hongera! Umenukuliwa duniani mara mia mbili kumi na nne!" Nilichinja jogoo, nikaita majirani. Tulikuwa tumeshafika kwenye supu ndipo aliponieleza kilichonukuliwa: kwamba nilisomewa maneno ishirini nikakumbuka sita. Majirani walimaliza supu upesi, wakaenda kusambaza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maneno yenyewe. Namkumbuka vizuri Profesa, wakati huo Daktari, ameketi kwenye kigoda changu na shati la bluu, anasoma taratibu: "Piano. Barafu. Meli." Jikoni mlenda unafurika. Mtu mwenye akili timamu ashike piano au sufuria? Nilishika sufuria. Hilo halikuandikwa.

2. Jirani yangu aitwaye Hana hakuwahi kupata cheti cha kuzaliwa. Alihitaji barua ya mtendaji wa kijiji apate kitambulisho, na kitambulisho apate bima, atibiwe macho. Kwa miaka thelathini shahidi wa siku za kuzaliwa kijijini ni mimi. Najua nani alizaliwa mvua ipi na nani alimpokea. Safari hii mtendaji, Bwana Ludovick, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Paskazia, nakuheshimu, lakini sayansi imeshasema." Hana alirudi nyumbani akipapasa ukuta. Nilitembea nyuma yake nikilia, na sioni aibu kuliandika.

3. Kwayani nimenyang'anywa kuanzisha nyimbo, amepewa Emilia, anayesoma kwenye simu. Jumapili iliyopita simu ilizima. Tulirudia ubeti wa kwanza mara nne.

4. Profesa amepanda cheo kwa kusahau kwangu. Nilipanda basi hadi chuoni kwake Dodoma. Sikatai, alinipokea vizuri, kwa chai na chapati. Akasema, "Mama, wewe ni muhimu sana. Bila wewe hoja yangu haisimami." Nikamuuliza, "Mbona basi hukunitaja jina?" Akasema ni kulinda siri yangu. Siri gani, nyuma ya kisima? Hapo nikamtajia mbuzi wangu ishirini, kila mmoja na jina la mama yake, nikamwomba ayarudie. Alipata wanne, na mmoja kati yao amemtunga mwenyewe.

Kwa hiyo naomba makala ifutwe. Ikishindikana, nukuu tugawane, mia na saba kila mtu. Na hilo likishindikana, chapisha utafiti wangu: "Mshiriki wa kwanza, mwanamume, mwenye ofisi ghorofa ya pili, mbuzi wanne kati ya ishirini." Nitawaomba wanakijiji wote, pamoja na wapangaji wenzake Rodgers kule Nzuguni, wamnukuu mpaka zifike mia mbili kumi na tano.

Nisalimie wachapaji, wasahihishaji, wake na waume zao, na hao wanukuaji mia mbili kumi na nne, mmoja mmoja.

Ni mimi, mwenye kumbukumbu kamili,
Paskazia Chiwanga.

Nyongeza: Kabla ya kuituma barua hii nimempa mdogo wangu Anjelina aisome. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema siku ile mimi nilikuwa msibani Mpwapwa. Aliyebaki kwangu na kuketi mbele ya Daktari ni yeye, akaandikisha jina langu ili nisikose sabuni iliyokuwa ikigawiwa. Mlenda ulikuwa wake. Nimefikiri kutwa nzima, na kweli nilikuwa Mpwapwa, ila lile shati la bluu bado naliona. Hana naye jana amepata barua. Shahidi wake alikuwa Anjelina, ambaye Bwana Ludovick amemkubali kwa kuwa hakuna utafiti wowote unaosema anasahau. Tarehe nilimkaririsha mimi asubuhi. Akaikosea kwa miaka miwili, lakini macho yatatibiwa. Barua naituma hivyo hivyo. Ila hili la msibani Profesa asiambiwe, maana nasikia anatafuta cha kuandikia makala ya pili.