Antena Nusu Mlingoti

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kasema hakanyagi tena kwenye mashua yangu ya tanga mpaka niwe na redio ya kuitia msaada. Kapendekeza kaka yake aifunge, maana ndiye fundi wa redio bandarini. Nikamwambia ni kazi ndogo, naiweza. Shemeji akinigusia hata msumari, nitasikia habari zake kila harusi na kila msiba.

Jumatano, 6 Machi
Redio nimepata. Antena pia, ndefu kuliko ya jirani yangu gatini. Muuza duka akashauri na waya mnene, eti mwembamba unapoteza nguvu njiani. Maneno ya biashara. Nyumbani nina waya wa televisheni, mzima kabisa. Waya ni waya.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepanda mlingoti. Nusu. Miguu ikagoma, nikabaki nimeukumbatia. Shemeji akapita, akauliza kwa upole kama napanda au nashuka. Nikamjibu napunga upepo. Antena nimeifunga hapo hapo nilipoishia. Mke wangu nimemwambia ndivyo wataalamu wanavyofunga siku hizi. Kaamini. Kanifulia hata kofia ya safari.

Jumapili, 10 Machi
Siku mbaya. Tumetoka baharini na mke wangu, usukani umevunjika, mkondo ukawa unatusogeza kwenye miamba. Nikaita kwenye redio. Ikachemka tu kama mafuta kwenye kikaango. Nikaita tena na tena, sauti ikakauka.

"Niambie kweli," mke wangu akasema. "Huo waya umeutoa wapi?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alivaa boya, akaenda kukaa mbele, akanipa mgongo. Heri angenigombeza.

Shemeji ndiye aliyetufuata na boti ya injini. Hakusikia lolote redioni. Aliona tu tumechelewa, na antena alikuwa ameiona. Dada yake akahamia botini kwake. Mimi nikavutwa nyuma kwa kamba, peke yangu, nikiangalia visogo viwili.

Jumanne, 12 Machi
Nyumba kimya. Bado yuko kwa kaka yake. Asubuhi nimekuta mashuani bunda la waya mnene na karatasi: "Shemeji, niite tufunge pamoja." Machozi yalinilenga.

Nimeurudisha mlangoni kwake kabla hajaamka. Sitaki kusimangwa. Halafu kosa nimeshalijua: redio yenyewe ni dhaifu. Kesho natafuta yenye nguvu zaidi, kisha nimfuate mke wangu na habari njema. Waya wa televisheni umebaki mita nane. Unatosha.