Mnara Unaoruka na Binamu Yangu

Jumatatu, tarehe 9

Hili sijamwambia mtu yeyote: namwonea binamu yangu kijicho tangu darasa la pili. Na tangu leo naionea hata droni.

Sote wawili tumemaliza shule. Sote tuko kwenye majaribio katika karakana ya kampuni ya simu. Nafasi ya mwanagenzi ni moja tu, na Mhandisi atachagua Ijumaa. Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Hata kuliko kumwona Binamu akiikosa. (Kwa mbali kidogo.)

Droni yenyewe imebebeshwa antena. Ikipaa, inakuwa mnara wa mtandao. Mnara wa chuma ukianguka, au watu wakifurika mahali, hii inawafuata huko huko. Mhandisi alisema siku zijazo minara haitangoja watu. Binamu akadakia kwamba basi huu ni mnara mmbea, palipo na watu haukosi. Karakana nzima ikaangua kicheko. Utani huo nilikuwa nao mimi! Tangu asubuhi! Nilikuwa bado nakusanya ujasiri.

Jumanne, tarehe 10

Binamu kapewa rimoti. Mimi nimepewa mwavuli, nimkingie jua asome kioo vizuri. Saa mbili nzima. Mkono umekufa ganzi.

Fundi wa betri, mzee asiyejua kunyamaza, kaniuliza kama nimemeza ndimu. Nikajitahidi kutabasamu. Akasema, "Basi mwanangu, rudi kwenye ndimu."

Nyumbani, Mama kaniambia Binamu amepiga simu kumwamkia. Eti mwenzangu ana adabu. Nikaenda kuoga bila sababu.

Jumatano, tarehe 11

Nimepata! Mhandisi ametueleza jinsi droni inavyoamua pa kwenda ikiachwa bila rimoti. Inahesabu simu. Upande wenye simu nyingi ndio inaousogelea. Haitazami sura, haitazami adabu.

Ijumaa wageni wa kampuni watakuja. Mnara wa kawaida utazimwa kana kwamba umeanguka. Binamu atasimama uwanjani na wafanyakazi ishirini. Mimi nyuma ya ghala na wapakizi wanne. Droni ipae, itafute watu. Kwa nini yeye ishirini? Sikuuliza.

Lakini stoo kuna sanduku la simu kuukuu za majaribio. Thelathini na moja. Kila moja ina laini yake.

Alhamisi, tarehe 12

Nimezichaji zote. Fundi wa betri akataka kujua nafanya nini. Nikamwambia nazisafisha. Akasema ana miaka ishirini katika kazi hii, hajaona mtu akisafisha simu kwa kuichomeka kwenye umeme. Akaenda zake akitikisa kichwa. Hajui kitu.

Ijumaa, tarehe 13

Saa nne kamili mnara ukazimwa, droni ikapaa. Mimi nyuma ya ghala, begi mgongoni, limejaa simu zilizowashwa, na yangu mfukoni. Zito kama gunia la mawe. Droni ikaelea juu ya uwanja. Ikasita. Ikageuka. Ikaja kwangu! Kwangu mimi! Toka nizaliwe hakuna kilichomwacha Binamu kikanifuata mimi. Machozi yalinilenga.

Huko uwanjani zikaanza kelele kwamba mtandao umekatika. Kisha nikawaona wageni. Wanaifuata droni kwa miguu, Mhandisi mbele.

Nikakimbia. Wapakizi wakanishangaa. Droni ikanifuata. Nikakata kushoto, nayo ikakata kushoto. Nikaingia choo cha wafanyakazi, nikafunga komeo. Ikatulia juu ya bati, ikivuma kama nyigu.

Mhandisi akabisha hodi. Akauliza tuko wangapi humo ndani. Nikajibu, niko peke yangu, shikamoo. Akasema mtambo unasema thelathini na wawili.

Nikatoka na begi. Wageni wakalikodolea macho. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hapo Binamu akafika, anahema. Akaangalia begi. Akaniangalia mimi. Akawaambia wageni, bila hata kupepesa jicho, kwamba hilo ni jaribio tuliloliandaa wawili: umati ukihama ghafla, je, mnara utahama nao? Na umehama, mpaka chooni! Wageni wakapiga makofi. Mmoja akaomba kukipiga picha choo.

Kaniokoa! Mbele za watu! Huyu msichana hana mipaka.

Nafasi kapewa yeye.

Kisha Mhandisi akaniita pembeni. Hakuamini hata neno moja, alisema, lakini karakana inahitaji mtu wa kutembeza simu hizo kila siku wakati wa majaribio, na mimi nina mbio. Kwa hiyo Jumatatu naanza kazi. Mimi ndiye umati.

Jumamosi, tarehe 14

Binamu kaja nyumbani kunipongeza. Kanikumbatia. Kaniambia, "Ndugu yangu, ungeniambia tu, ningekupa hao ishirini." Mama kasema nimwige. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alipoondoka nikafikiri kwa utulivu. Yeye anaongoza droni, lazima aende nayo kwa miguu. Droni inafuata simu. Simu ninabeba mimi. Basi ni nani anayemwongoza mwenzake?

Nimeshachora ramani ya Jumatatu. Inapita kwenye tope, mara tatu.

Wewe uliyefika mpaka mstari huu, nakuomba, ufe nalo. Na Mama akikuuliza, sema nimebadilika.