Pembe Nne za Elmo Pruitt

Jumatatu, 3 Juni 1991

Katika kadi zangu za picha za wachezaji, nimebakiza moja. Moja tu! Namba 217, Elmo Pruitt, mdakaji wa besiboli aliyedondosha mipira mingi kuliko aliyoidaka. Nikiipata, inatimia seti ya mwaka 1954 niliyoianza na marehemu baba nikiwa na miaka kumi na miwili. Maonyesho ya wakusanyaji ni Jumamosi, ukumbi wa kanisa. Jirani yangu Virgil Haas anazo Pruitt mbili na hauzi. Leo, kutoka upande wake wa uzio, kaniambia kwamba nikikutana na Pruitt nimsalimie. Jeuri mkubwa!

Jumanne, 4 Juni

Mjane Hilda Krauss anauza vitu vya mumewe gerejini kwake. Chini ya meza, boksi la viatu limejaa kadi. Pruitt yumo! Ukionyesha unaitaka, umeumia. Nikajifanya nimependa taa yenye umbo la bata. Nusu saa tunavutana juu ya bata. Kisha, kama utani vile, nikaomba aniongezee lile boksi bure. Hilda akacheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe Virgil alishampigia simu asubuhi: Clyde Bozek, yaani mimi, atakuja, atang'ang'ania kwanza kitu cha kipuuzi, halafu ataulizia boksi. Nimelipa bei kamili, na bata juu.

Jumatano, 5 Juni

Maxine, mke wangu, kauliza bata ataishi wapi. Nikasema yupo kwa muda tu. Kasema hata kadi niliziita za muda, mwaka tuliooana.

Pruitt mwenyewe amechoka. Kuna mtoto alimbana kwenye spoku za baiskeli ili gurudumu lilie kama pikipiki, kama tulivyofanya sote. Pembe zimeviringika zote nne. Pembe za Pruitt wa Virgil zinaweza kukuchoma kidole. Sijala chakula cha jioni vizuri.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata dawa. Wembe! Sheria ya wakusanyaji inasema kadi haikatwi kamwe. Ni sheria ya watu wenye mikono inayotetemeka. Nikapunguza juu kidogo. Kukawa kushoto kumezidi, nikapunguza kushoto. Chini nako kukapinda. Saa nzima nikihangaika kama kinyozi mgeni. Sasa pembe ni kali ajabu! Maxine kasema Pruitt anaonekana amekonda. Wivu.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mwamuzi alikuwa Bi Thelma Ostrander. Akamsifu Pruitt kwa pembe zake. Nikavimba. Kisha akatoa rula. Akapima, akapima tena, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama nyumbani tuna panya. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kadi iliyokatwa haihesabiwi, kwa hiyo seti yangu bado ina pengo. Virgil akasema nikiendelea hivi mwakani nitawaletea stempu. Nilienda kukaa ndani ya gari. Nilimkumbuka baba, na niliona aibu.

Jumapili, 9 Juni

Virgil amebisha hodi baada ya ibada. Mkononi Pruitt wake wa pili! Eti bure. Kasema tumegombana tangu tukiwa na miaka kumi na miwili, na amechoka kusubiri nimalize seti ndipo tugombee kitu kingine. Machozi yakanitoka. Nikamwambia ni vitunguu. Maxine akamwambia hakuna kitunguu humu ndani.

Virgil ana sharti moja. Kaniapisha, mkono juu ya bata, kwamba kadi hii sitaigusa kwa wembe maisha yangu yote. Nikaapa kwa moyo mweupe. Maxine akauchukua wembe, akaenda kuuficha.

Nimeiweka mahali pake. Seti imetimia! Baba angefurahi sana. Nimekaa kuitazama dakika kumi na moja.

Ule ukingo wa kulia umezidi wa kushoto. Kidogo sana, upana wa unywele.

Mkasi hatukuuzungumzia.